Mto Mkondoa na Sisi: Historia ya Mafuriko ya Kilosa na Mikumi

Mwaka huu kamati ya harambee imetuomba tuandike kurasa chache kuhusu mafuriko ya kwetu, kwa sababu fungu kubwa la michango tunayoomba safari hii haliendi kwenye madawati wala mabati. Linakwenda mtoni. Wapo wanachama walioshangaa, hasa vijana wetu waliozaliwa Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma, ambao Kilosa wanaijua kwa likizo na misiba. Wameuliza: mafuriko si kazi ya serikali? Tumeona swali hilo linastahili jibu refu kuliko lile la mkutanoni, na jibu lenyewe linaanzia mbali kidogo.

Tuanze na mto. Mkondoa hauanzii Kilosa. Maji yake mengi yanatoka Dodoma na Mpwapwa, kwenye mto ambao ndugu zetu wa huko wanauita Kinyasungwe. Kwa sehemu kubwa ya mwaka Kinyasungwe ni mchanga mtupu, mtu anauvuka bila kulowa. Mvua za Ugogo ni chache, lakini zikija zinakuja kwa nguvu, na zinaangukia ardhi ngumu isiyo na majani ya kutosha kuyashika maji. Yote yanakimbilia bondeni. Kutoka Gulwe mto unaingia kwenye milima ya Usagara, unabanwa pande zote mbili, unapita Godegode na Kidete, na ukitufikia sisi ni Mkondoa. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Kilosa haufiki mita 500. Tofauti hiyo ndiyo inayoyapa maji mbio.

Sasa angalia mji wetu umekaa wapi. Kilosa iko pale pale milima inapokwisha na mbuga inapoanza. Mto uliokuwa unakimbia unapofika tambarare unapunguza mwendo, na ukipunguza mwendo unatua mzigo wake: mchanga, mawe, magogo. Masika hadi masika kitanda cha mto kinapanda. Inafika mahali maji yanapita juu kuliko sakafu za nyumba zilizo pembeni, yamezuiwa na tuta tu. Mto wa namna hiyo ukijaa hautoki kidogo kidogo. Unavunja sehemu moja na kuhamia njia mpya, na njia mpya kwa bahati mbaya ni Magomeni, Mbumi na Mkwatani.

Ndiyo maana mgeni haelewi mafuriko ya Kilosa. Anaweza kuona jua linawaka, nguo zimeanikwa, watoto wako barabarani, halafu maji yanaingia. Mvua ilinyesha jana, mahali pengine. Mtu mzima wa Kilosa hatazami mawingu yaliyo juu ya paa lake tu. Anatazama magharibi, kuelekea Mpwapwa.

Upande wa Mikumi mambo ni tofauti kidogo, na tusiwasahau, maana chama hiki ni chao pia. Mto Mkata unatoka kusini, unapita katikati ya mbuga ambayo tangu 1964 ni Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na unakwenda kaskazini kukutana na maji ya Mkondoa. Miyombo nao unamwaga maji yake kwenye bonde hilohilo. Huko ndiko Mto Wami unakopata nguvu kabla ya kwenda kuingia Bahari ya Hindi karibu na Saadani. Mbuga ya Mkata ina ule udongo mweusi ambao kiangazi unapasuka nyufa na masika unageuka gundi. Kwa hiyo Mikumi maji hayaji kama mwizi kama Kilosa. Yanakuja kama mgeni asiyeondoka. Barabara kuu ya Zambia imeinuliwa, watalii wanaendelea na safari zao, lakini mtu anayetaka kutoka Mikumi kwenda makao makuu ya wilaya yake kupitia Ulaya (ndiyo, tuna Ulaya yetu, na haihitaji viza) anajua maana ya kukaa ng'ambo ya mto akisubiri maji yapungue huku ana mgonjwa.

Mafuriko haya yana umri gani? Watu wengi hufikiri yameanza na mabadiliko ya tabianchi. Maandishi yanaonyesha vingine. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ugogo na Unyamwezi ilikatiza bonde la Mkata na kufuata bonde la Mkondoa, ambao wasafiri wa Kizungu waliuandika Mukondokwa. Burton na Speke walipita mwaka 1857. Henry Morton Stanley alipita mara mbili: mwaka 1871 akienda kumtafuta Livingstone, na tena Aprili 1872 akirudi pwani. Safari zote mbili Mkata ulimtesa, lakini ya kurudi ndiyo mbaya zaidi. Alikuta bonde limegeuka ziwa, watu wake wakapita kwenye maji siku baada ya siku, na wenyeji wakamsimulia habari za vijiji vilivyofutika. Alipofika Simbamwene, mji wenye ukuta uliojengwa na Kisabengo pale ilipo Morogoro leo, alikuta mto umebomoa ukuta wa mbele wote na nyumba zipatazo 50.

Ni mwaka uleule wa kimbunga cha Unguja. Tarehe 15 Aprili 1872 upepo ulizamisha meli za Sultani Barghash bandarini na kung'oa mikarafuu ya kisiwa. Habari ya Unguja inasomwa na kila mwanafunzi wa historia. Habari ya Mkondoa, ya mwezi uleule, haisomwi na mtu, kwa sababu huku hapakuwa na karafuu za kuhesabu hasara yake. Sisi ambao kazi yetu ni hesabu tunaliona jambo hili kila siku: kisichoandikwa kwenye daftari huhesabiwa kama hakikutokea.

Miaka kumi na miwili baadaye, Novemba na Desemba 1884, Carl Peters alipita na karatasi zake. Shuleni wote tulifundishwa habari za Chifu Mangungo wa Msowero, na mpaka leo mbunge akitaka kuusema vibaya mkataba wowote anamtaja yeye. Wengi hawajui kwamba Msowero ni kwetu, iko wilayani Kilosa. Peters alipata karatasi nyingine kwa Mwinyi Sagara, na jina hilo bado liko kwenye reli: stesheni ya Munisagara, inayofuata ukitoka Kilosa kwenda bara. Tunayataja haya kwa sababu baada ya karatasi ilikuja reli, na reli ndiyo iliyoamua mji wetu uwe wapi.

Wajerumani walifikisha reli Morogoro mwaka 1907, na Februari 1914 ikafika Kigoma. Kutoka Kilosa kwenda Gulwe, mwendo wa kilomita kama 80, wahandisi walifanya kile misafara ilichofanya: walifuata mto. Lilikuwa jambo la maana kwa wakati ule. Bonde ndiyo njia pekee rahisi ya kupanda milima ya Usagara, na garimoshi la mvuke linataka maji. Lakini waliilaza reli kando ya mto usio na adabu, na tangu hapo kila utawala, wa Wajerumani, wa Waingereza, wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wa Shirika la Reli, umelipa gharama ya kuinua tuta, kurudisha mataruma na kujenga upya madaraja kwenye kipande hicho hicho.

Mji ukafuata reli. Maduka, boma, soko na nyumba za wafanyakazi vikajipanga karibu na stesheni, maana yake karibu na mto. Kukazuka mashamba ya pamba ya Wajerumani, halafu mkonge ukatawala: Kilosa, Kimamba, Rudewa, mpaka huko Msowero. Mkonge ulihitaji watu, na watu waliletwa. Ofisi ya kuajiri manamba, SILABU, iliyoanzishwa mwaka 1944, ilikusanya wafanyakazi kutoka pande zote za nchi. Ndiyo sababu leo ukiita mkutano wa watu wa Kilosa wanakuja Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, halafu wanakuja Wanyamwezi, Waha, Wangoni, Wabena na Wamakonde, na wote wanasema kwao ni Kilosa, na ni kweli.

Bei ya mkonge ilipoanguka miaka ya 1960 na kuendelea, manamba hawakurudi walikotoka. Walikuwa wameshazaa hapa. Wakatafuta pa kujenga na pa kulima. Ardhi nzuri ya juu ilikuwa na hati za mashamba makubwa, mengine yakiwa yameshakuwa pori, na mjadala wa mashamba hayo haujaisha mpaka leo. Kilichobaki wazi kwa mtu asiye na hati ni bonde. Tunaomba wanaosema "watu wa Kilosa wakaidi, wanajenga mtoni" wakumbuke hesabu hii. Mtu hujenga penye kiwanja anachokiweza. Tena bonde lina neema yake: tope la Mkondoa linaotesha mahindi, mpunga na mboga bila mfuko hata mmoja wa mbolea. Tope hilohilo linalobomoa nyumba Januari ndilo linalolipa ada ya shule Julai.

Kulinda mji kulijengwa tuta kando ya mto tangu enzi za mkoloni. Wazee wetu walikuwa wakipita juu yake wakienda sokoni na shambani, na vijana wengine walicheza mpira chini yake wakiamini ni kilima cha kawaida. Tuta la udongo lina kazi moja tu, na kazi hiyo linaifanya vizuri mpaka siku linapopata tundu. Mizizi iliyooza, njia ya ng'ombe, shimo la panya, mtu aliyechota udongo wa kufyatulia tofali: vyote hivi vinatosha. Juu ya mto kulikuwa na kinga nyingine, bwawa la Kidete, lililosaidia kuyazuia maji ya Kinyasungwe kabla hayajashuka kwa pamoja. Bwawa likajaa mchanga, kisha likaharibika.

Hivyo tunafika wiki ya mwisho ya Desemba 2009. Hii si historia ya vitabuni. Wengi wanaosoma kijitabu hiki walikuwepo, au walikuwa wakipiga simu usiku kucha kutoka Dar. Mvua kubwa zilinyesha Dodoma na Mpwapwa. Mkondoa ukajaa kuliko ulivyowahi kuonekana na kizazi chetu, ukalivunja tuta, ukaingia mjini. Maji yalipita kwenye mitaa ya mji wa Kilosa, yakaingia nyumba, shule, maduka na ofisi, na yakaendelea kuteremka kuelekea Kimamba. Nyumba za tofali mbichi ziliyeyuka. Neno hilo si la kutia chumvi: asubuhi ulikuta bati limelala chini tambarare kama lililopangwa dukani, na kuta hazipo.

Zaidi ya watu 20,000 walikosa makazi. Hebu tukae kidogo kwenye namba hiyo, kwa sababu tumeitaja mara nyingi mpaka imekuwa nyepesi. Ni mji mzima wa wilaya. Ni watu waliohitaji mahema, vyoo, maji safi, unga na daftari za shule, wote kwa siku moja, katika wilaya ambayo reli yake ilikuwa imekatika. Rais Jakaya Kikwete alikuja Januari 2010 kuwaona waathirika. Chama cha Msalaba Mwekundu kilikuja, jeshi lilikuja, makanisa na misikiti ilikuja, na vyama vya watu wa nyumbani kama chetu vilipeleka malori. Kambi za mahema zikasimama. Hema ni nyumba ya wiki chache. Kilosa kuna watoto waliojifunza kutembea ndani ya hema, na familia zilizobaki kambini miaka kadhaa zikisubiri viwanja.

Reli kati ya Kilosa na Gulwe iliharibika vibaya, na treni za bara zikasimama kwa miezi kadhaa. Kwa watu wa Kigoma na Tabora hiyo ilikuwa bei ya mafuta na saruji. Kwa Kilosa ilikuwa ajira. Mama anayeuza ndizi na kuku stesheni, kijana anayebeba mizigo, mwenye nyumba ya wageni, wote wanakula kwa ratiba ya treni. Maafa yalihesabiwa kwa nyumba zilizoanguka. Biashara zilizokufa polepole baada ya hapo hazikuingia kwenye ripoti ya mtu yeyote.

Miaka minne baadaye ikawa zamu ya upande mwingine wa wilaya. Tarehe 22 Januari 2014 maji yalishuka Mto Mkundi kutoka upande wa milima ya Ukaguru, yakaingia Magole, Dumila na Mateteni, na daraja la Magole kwenye barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma likakatika. Magari yakakwama pande zote mbili, mabasi ya Mwanza na malori ya Rwanda na Kongo yakiwa kwenye foleni moja. Serikali ilikimbia, na daraja likapata njia ya muda katika siku chache. Tunasema hivi bila chuki: barabara kuu ilirudi upesi kwa sababu nchi nzima ilikuwa inasubiri. Nyumba za Mateteni hazikuwa na mtu wa nje anayezisubiri.

Katikati ya mafuriko hayo mawili, sisi tulioko Dar es Salaam tulipata yetu. Desemba 20 na 21, 2011, jiji lilipata mvua ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema ni kubwa kuliko zote tangu 1954. Msimbazi ukajaa Jangwani na Kigogo, zaidi ya watu 40 wakafa, na wengine wakahamishiwa Mabwepande. Kati ya waliopanda juu ya mapaa siku ile walikuwemo watu wa kwetu waliokuwa wamekimbilia mjini. Unamkimbia Mkondoa, unapanga chumba kando ya Msimbazi, kwa sababu ileile: ndicho chumba unachokiweza. Leo bonde la Msimbazi lina mradi mkubwa unaofadhiliwa na Benki ya Dunia na wenzake. Tunawatakia heri. Ila tofauti ya Msimbazi na Mkondoa si wingi wa maji. Msimbazi unapita kilomita chache kutoka kwenye ofisi za wanaoamua.

Haijaisha hapo. Mwaka 2020 maji yalikula tena reli kati ya Kilosa na Gulwe na treni zikasimama. Msimu wa El Niño wa 2023 na 2024 ulipiga nchi nzima. Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekufa kwa mafuriko na maporomoko. Mkoa wetu wa Morogoro ulikuwa miongoni mwa iliyoumia.

Nini kimefanyika? Tuwe wa haki. Tuta la Kilosa lilifanyiwa kazi baada ya 2010. Wajapani kupitia JICA walifanya uchunguzi wa kina jinsi ya kuilinda reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe. Ukarabati wa bwawa la Kidete umeulizwa bungeni zaidi ya mara moja, na kila mara umejibiwa. Na reli mpya ya kisasa, ambayo Julai 2024 ilianza kubeba abiria mpaka Dodoma, haikulazwa mtoni kama ile ya Mjerumani: sehemu za Kilosa imepitishwa kwenye mahandaki ndani ya milima na juu ya madaraja marefu. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja, lakini reli imejifunza kukaa mbali na Mkondoa. Mji bado uko palepale.

Tunarudi kwenye swali la vijana: si kazi ya serikali? Bwawa la Kidete ni kazi ya serikali, na hakuna harambee itakayolijenga. Tuta kuu pia. Mwenye kudhani chama cha watu wa nyumbani kitamwaga zege mtoni hajawahi kuona bei ya zege. Wajibu wetu huko ni kuuliza, kwa barua na kwa majina ya vijiji, na kuuliza tena bajeti inayofuata.

Lakini kuna kundi la gharama ambalo si kubwa na halina mwenyewe. Katika uhasibu, unaponunua gari unaandika pia uchakavu wake, kila mwaka, hata kama halijaharibika. Usipoandika, gari litakufa siku moja na vitabu vitaonyesha ulikuwa na faida. Tuta, mtaro na kalavati vyote vinachakaa. Fedha za kuvijenga zilipatikana siku ya maafa, mbele ya kamera. Fedha za kufyeka majani juu ya tuta mwezi Oktoba hazina kamera. Methali ya ufa na ukuta tunaipenda sana kwenye harambee, kisha tunachangia ukuta.

Ndiyo maana kamati imependekeza fungu jipya, lililotengwa kabisa na fungu la shule na lile la misiba. Kwanza, kabla ya mvua za vuli, kulipa vikundi vya vijana wa mitaa kuzibua mitaro na makalavati na kukagua tuta kwa miguu kutoka mwanzo mpaka mwisho, na kumwandikia mtendaji kila tundu waliloliona. Pili, kupanda mianzi, matete na miti kwenye kingo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, nasi tunajua kuna watu wanaolima humo kwa sababu hawana pengine. Kwa hiyo kazi hii itafanywa kwa kukaa nao, kwa miti ya matunda ikiwezekana, na kwa kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu iliyoko Morogoro. Atakayekuja na panga kung'oa mahindi ya mama mjane hajatumwa na chama hiki.

Tatu ndilo tunaloliona la thamani kuliko yote, ingawa ni la bei ndogo. Maji ya Gulwe hayafiki Kilosa papo hapo. Yanatumia saa kadhaa kupita Godegode, Kidete na Munisagara, na kote huko sasa kuna simu. Mtu mmoja kila kijiji, mwenye fimbo iliyopakwa rangi na kusimikwa kwenye nguzo ya daraja, mwenye vocha, na mwenye namba za wenyeviti wa mitaa wa Kilosa, anaweza kuupa mji muda wa kuhamisha watoto, wazee, magodoro na vyeti. Mwaka 2009 watu walipoteza vyeti vya kuzaliwa, vya shule na hati, na wengine wamekuwa wakivifuatilia kwa miaka. Kwa Mikumi fungu hilihili litaweka vipimo kama hivyo kwenye vivuko vya Miyombo, ili dereva wa pikipiki aliyebeba mjamzito ajue kabla hajaondoka nyumbani kama njia inapitika. Kamati za maafa za vijiji zipo kisheria. Tunachoongeza ni fimbo, simu na posho ndogo ya mtazamaji katika miezi ya mvua.

Hesabu za fungu hili zitasomwa peke yake kwenye mkutano mkuu, na stakabadhi zitakuwa wazi kwa mwanachama yeyote anayetaka kuziona. Mwaka ambao mto hautajaa, fedha zitatumika vilevile, maana mitaro haijui kama mvua imekuja au haikuja, na tunaomba mtu asisimame kuuliza kwa nini tumetumia fedha za mafuriko bila mafuriko.

Tuna ombi moja la mwisho, na hili halihitaji pesa. Tunataka kujua maji yalifika wapi. Nyumba nyingi za Kilosa bado zina mstari wa tope ukutani wa 2009, na baadhi ya wazee wanaonyesha alama za mafuriko ya zamani zaidi, kwenye mti, kwenye ngazi ya duka, kwenye msingi wa msikiti. Kila mwaka nyumba moja inapigwa rangi na alama moja inapotea. Mwenye picha, mwenye alama nyumbani kwao, au mwenye bibi au babu anayekumbuka mwaka na mahali, tafadhali aandike kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya kijitabu hiki: mtaa, mwaka, na kimo cha maji, kwa futi au kwa mwili wa mtu, magotini, kiunoni au shingoni. Karatasi hizo zitakusanywa mlangoni siku ya harambee na kupelekwa halmashauri zikiwa na ramani.